Uso wa Pasaka

Jumapili, 1 Machi

Wazazi wa pande zote mbili, kamati ya maandalizi, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Kwa heshima na taadhima nawatangazia kwamba leo asubuhi mimi Ansbert, mshehereshaji wa harusi, sendofu na vipaimara, nimetafuna nusu ya ndizi mbivu bila kusaidiwa na mtu. Naomba vigelegele. Asanteni. Nusu ya pili imeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena.

Daktari kaniambia nisiongee sana, uso upumzike. Kumwambia emsii asiongee ni sawa na kumwambia jogoo alale mpaka saa tatu. Ndiyo maana nimenunua daftari hili.

Alhamisi nilipasuliwa uso. Sijaugua wala sijapata ajali, niliutaka mwenyewe. Kliniki moja ya Mbezi Beach. Walikata mbele ya sikio, wakazunguka chini yake, wakapanda kwa nyuma hadi kwenye nywele, upande huu na upande ule. Kisha wakainua ngozi kama mtu anayechuna mbuzi kwa adabu, wakaivuta, iliyobaki wakaikata na kuitupa. Kwa hiyo sehemu ya mashavu yangu imebaki Mbezi Beach, mahali ambapo mimi mwenyewe nilishindwa kupanga hata chumba.

Sababu ni bibi harusi mmoja wa Sinza. Mwaka jana kamati ilinipeleka kwao nijieleze. Binti akanitazama, akamgeukia mama yake, akauliza mbele yangu: "Kwani babu huyu ndiye emsii?" Nina miaka hamsini na tatu. Wakachukua kijana mmoja anayevaa suruali inayobana hadi anatembea kama amefungwa kamba.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja. Hakuna anayeoa, Mkristo wala Mwislamu. Nikasema, huu ndio wakati: nikatwe, nivimbe, nipone, na Pasaka nifufuke na uso mpya. Anayejua ni mke wangu Demetria peke yake. Mtaa mzima hapa Yombo umeambiwa nimeanguka na bodaboda.

Demetria kaja kunitazama jioni alipotoka dukani kwake Kariakoo. Kazunguka kitanda, kanikagua pande zote, halafu: "Baba Clara, umewambwa kama ngoma. Tukikupiga utalia?"

Jumatatu, 2 Machi

Joto. Kichwa kimefungwa kama mzigo wa kwenda Bukoba.

Jumanne, 3 Machi

Kliniki walisema nitafute nesi wa karibu, awe ananisafisha na kuangalia damu isijikusanye chini ya ngozi. Nimempata Munira wa zahanati yetu, anakaa nyumba inayopakana na yetu kwa nyuma. Mtoto mpole, mikono yake baridi kama mtungi. Nikamwomba mambo mawili. Kwanza, asimwambie mtu yeyote.

"Siri ya mgonjwa ni amana, mzee wangu," akasema. "Hata mume wangu simwambiagi."

Pili, asije na sare ya kazi, na apite mlango wa uani, begi la dawa alifunike kwa khanga. Hapo akanitazama kidogo. Akasema sawa.

Mumewe ni Badru. Anachinja machinjioni Vingunguti alfajiri, na mchana yuko kwenye bucha lake pale kona. Jitu la kucheka. Hanioni bila kuita "Braza Emsii!" na leo kanitumia maini ya pole kwa ajili ya bodaboda. Siwezi kutafuna maini. Demetria kayala yote mbele yangu, polepole, makusudi.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Ilipokatika wakampiga mwizi.

Kijana alikamatwa na vioo viwili vya pembeni vya gari. Nilikuwa nyuma ya pazia, uso wangu umevimba, macho mistari miwili, nikaona yote. Walianza kwa makofi, kila mtu lake, wakicheka. Halafu mpini wa ufagio. Halafu tofali. Tofali likigonga shavu halitoi mlio kama wa kwenye sinema. Linasikika kama papai limeanguka. Nikajishika mashavu. Twalib, kinyozi wetu, akatoka saluni na aproni yake ya maua na ule mkanda wa kunolea wembe, akamchapa nao mgongoni mpaka fulana ikachanika.

Kisha akaja Badru. Watu wakampisha. Akawaambia, kwa upole tu, "Nyie hamjui kupiga, mnachafua." Akamwinua yule kijana kwa shingo, akamtazama taya, akalipiga mara moja. Taya likahama. Badru akafuta mkono kwenye suruali akarudi kwenye bucha, ambako wateja walikuwa wanamsubiri. Gari la polisi lilikuja baadaye, likamzoa. Sijui kama yu hai.

Twalib akamalizia kichwa alichokuwa amekiacha nusu.

Demetria alirudi na nusu kilo ya nyama. Sikuuliza kanunua wapi. Bucha ni lile lile.

Jumatatu, 9 Machi

Masikio hayana hisia. Nimejikuna sikio dakika nzima kumbe ni mto.

Alhamisi, 12 Machi

Twalib kaja kunijulia hali. Nilikuwa nimekaa uani na kaptula, bandeji imetolewa, nyuzi zinaonekana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Pole na bodaboda. Dereva yu salama?"

"Salama."

"Pikipiki?"

"Nzima."

"Na magoti?"

Sote wawili tukayatazama magoti yangu. Yalikuwa mazima, yanang'aa mafuta ya nazi, hayana hata mkwaruzo.

Twalib akazunguka nyuma ya kiti. "Mzee, mie nimeshika vichwa tangu nina ndevu tatu. Hii ni kazi ya wembe. Kulia na kushoto, sawasawa. Bodaboda haina adabu hii." Akainama karibu na sikio langu lenye ganzi. "Niambie tu. Ni mume wa nani?"

Wasomaji wangu wapenzi, ambao hampo, nilipaswa kusema: si mume wa mtu, ni daktari. Badala yake nikatabasamu kadiri nyuzi zilivyoruhusu, nikasema: "Twalib, mambo ya watu wazima yaache."

Akapiga makofi. "Fumanizi! Emsii bado yumo!"

Kufika jioni wanywa kahawa wote walikuwa wananipungia mkono. Mmoja alisimama. Mwenyekiti wa kamati ya harusi ya tarehe kumi na moja Aprili, ile kubwa, alipiga simu kuuliza kama kweli, na alikuwa anacheka kwa heshima. Nilichokwenda kukatwa Mbezi Beach ili nikipate, Twalib amenipa bure: ujana. Nikalala na furaha, mito mitatu mgongoni.

Ijumaa, 13 Machi

Nimecheka. Mshono wa kushoto umelalamika.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri. Munira kanitoa nyuzi za mwisho. Mkono wake ni mwepesi, lakini leo alikuwa haongei. Alipotoka mlango wa uani niliona mapazia mawili yanasogea nyumba ya jirani. Nikadhani wanatazama mvua.

Jumanne, 17 Machi

Demetria kaingia, hakuvua hata viatu.

"Wanasema ni Munira."

"Kina nani?"

"Wanaonunua chumvi. Wamenipa pole pale duka la mtaani. Eti yule nesi anavyojifanya mpole, kumbe anapitia uani nikiwa Kariakoo, kajifunika khanga."

"Uvumi huo, mama Clara. Utakufa wenyewe."

"Uvumi wa mwanaume unakufa wenyewe. Wa mwanamke unaua kwanza." Akavuta kiti, akakaa usoni pangu hasa. "Toka nje sasa hivi, useme umevutwa ngozi."

"Halafu tarehe kumi na moja nisimame na maikrofoni mbele ya watu mia tano, wote wananitazama masikio?"

"Kumbe masikio ndiyo tatizo."

Chai ya jioni nimejitengenezea mwenyewe.

Idi Mosi

Kwa kawaida sahani ya pilau hutoka kwa kina Badru kabla ya saa saba. Leo haikuja. Alasiri mvua ilipiga mabati hadi tukawa tunaongea kwa ishara, na ndani ya mvua ile kulikuwa na sauti nyingine, ukuta wa pili. Kitu kizito kikigonga ubao. Mwanamke akisema "Wallahi mgonjwa, wallahi mgonjwa." Nyumba ya kushoto wakaongeza redio. Nyumba ya kulia nao wakaongeza, nyimbo tofauti. Demetria akachukua mwavuli akaenda kugonga kwao. Badru akafungua, akacheka lile cheko lake, akasema, "Idi njema, mama! Kabati linagoma kuhama." Akafunga.

Jumatatu, 23 Machi

Munira kaja. Sikumtegemea.

Jicho la kushoto halikuwepo. Mahali pake palikuwa na uvimbe mweusi unaong'aa. Mdomo umepasuka. Akaweka begi mezani, akavaa glovu, akaanza kunibonyeza mashavu kama siku zote. Nyuso zetu zilikuwa zimekaribiana, rangi moja, uvimbe mmoja. Yeyote ambaye angeingia angedhani tumepigwa na mtu mmoja.

"Nini tena, mwanangu?"

"Nimeanguka bafuni."

"Na mimi nilianguka na bodaboda."

Akacheka, mdomo ukatoka damu, akaufuta kwa pamba aliyokuwa ameniandalia mimi. Halafu akalia bila kuacha kufanya kazi. Kumbe Badru kila siku anamwuliza swali moja: anafuata nini kwangu. Yeye anajibu, mgonjwa. Mgonjwa wa nini? Hajibu, kwa sababu aliniahidi.

Tumezungumza. Tumekubaliana tusubiri kwanza Pasaka ipite.

Daktari anasema uso wangu unapona vizuri kuliko alivyotarajia.

Jumapili, 29 Machi. Matawi

Sikwenda kanisani. Mvua.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Demetria alipita buchani. Badru alikuwa anapasua mifupa. Hakumpa salamu; akampa ujumbe: "Mwambie mzee uso wake unapona haraka. Namwona kila siku kwenye uso wa mke wangu."

Sijui maana yake ni nini. Najua maana yake ni nini. Tumekula samaki.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Kristo amefufuka na mimi nimo. Suti ya bluu. Mashemasi walinitazama mara mbili. Mama mmoja wa kwaya: "Ansbert, umepumzika wapi? Umerudi kijana." Nikamwambia ni mfungo wa Kwaresima. Nilitembea toka kanisani mpaka nyumbani kwa miguu, matope yote yale, ili nionekane.

Nyumba ya Munira madirisha yamefungwa.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimekwenda kwa Twalib kunyolewa. Kapaka povu, kanyoa mashavu, halafu wembe ukasimama.

"Mzee."

"Naam."

"Mbona ndevu zinaota nyuma ya masikio?"

Hili daktari alinionya. Ngozi ya shavu ikivutwa nyuma, ndevu zinakwenda nayo. Nina ndevu nyuma ya masikio yote mawili, mfano wa mbuzi aliyeumbwa kwa haraka.

"Ni ukoo wetu," nikasema. "Babu alikuwa nazo."

Akanikagua kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nimeamua kuzinyoa mwenyewe nyumbani, kila siku, mpaka harusi ipite.

Jumatano, 8 Aprili

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 10 Aprili

Naandika nikiwa nimelala ubavu. Nina nyuzi kumi na mbili kwenye shavu la kulia, za hospitali, si za Mbezi Beach. Zimeshonwa kama gunia. Munira mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Badru yuko wodini, amefungwa pingu kitandani, mbavu na taya vimevunjika.

Habari imekwisha kutoka. Twalib anaisimulia kwa kila kichwa kinachokaa kwenye kiti chake, na kuna mtu wa mtandaoni aliyekuja kumhoji. Inasimuliwa hivi: Juzi mchana, maji ya mvua yakiwa yamefika magotini, Badru alimpiga mkewe, mkewe akakimbilia kwangu, Badru akamfuata na kisu cha kuchunia. Emsii Ansbert akamkaribisha binti wa watu ndani, akajitupa mbele ya kisu, kikamchana yeye. Akaona haitoshi. Ili kuisafisha heshima ya yule nesi akaitoa siri yake mwenyewe mbele ya umati, kwamba alivutwa uso na nesi alikuwa anamtibu tu. Watu walipotaka kumuua Badru, akawatuliza kwa maikrofoni. Kajivua nguo ili amsitiri mwenzake. Ndivyo anavyomalizia Twalib, na watu hutikisa kichwa hadi mkasi unakosea.

Wameniletea mchele, sukari na kuku mzima. Mwenyekiti wa kamati kapiga simu akilia.

Demetria anasikiliza wageni wote, anawapa chai, haongezi neno.

Jumamosi, 11 Aprili

Harusi imefanyika bila mimi. Yule kijana wa suruali. Mvua.

Alhamisi, 16 Aprili

Munira anakaa kwetu sasa, chumba cha binti yetu Clara aliyeolewa Mwanza. Mtoto wa Munira amepelekwa Mbagala kwa bibi yake. Leo ilikuwa siku ya kutoa nyuzi, na mkono wake wa kazi umo kwenye plasta. Kwa hiyo alikaa kwenye kochi akaelekeza, Demetria akashika mkasi.

"Shika fundo, mama. Kata chini yake, karibu na ngozi. Usivute kwa hasira."

"Nani ana hasira?" Demetria akasema, akavuta.

Nilipiga kelele.

Munira akainuka akanitazama. "Inauma?"

"Inauma!"

"Siku ile kisu hakikukuuma, ulisema. Ulisikia joto tu."

"Shavu lilikuwa na ganzi."

"Basi ganzi imetoka," akasema, na akarudi kukaa. Hakutabasamu. Hajanitabasamia tangu siku ile, na anaponisalimia shikamoo anaisema yote, herufi kwa herufi, kama mtu anayelipa nauli.

Jumapili, 19 Aprili

Paroko kanitaja kwenye mahubiri. Msamaria. Demetria akatoka kwenda kunywa maji, akabaki nje hadi sadaka.

Jumanne, 28 Aprili

Leo hakujanyesha. Kesho nakwenda kituo cha polisi, dawati la jinsia, kutoa maelezo ya kesi ya Badru. Munira na Demetria wametoa yao. Demetria kaniwekea chai na daftari hili mezani. "Anza kuisema kweli humu. Mdomo ukizoea, kesho hautakwama."

Basi. Itifaki imezingatiwa.

Wanasema niliwatuliza watu kwa maikrofoni. Sikuwatuliza. Walimburuta Badru nje kwenye matope, walewale waliokuwa dirishani kwangu dakika moja kabla wakimshangilia, na Twalib mbele yao na ule mkanda. Tofali lilikuwepo. Mtaa huu tofali huwa lipo. Walimpiga mpaka akaacha kujikinga. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nimeshika shavu, damu inapita kati ya vidole, na kila lilipotua nilihesabu moyoni kwamba hilo ni langu. Nilikuwa nafurahi. Aliyekwenda kuwasha spika zangu za kazini ni Demetria. Ziliwaka na ule mluzi wake mpaka kila mtu akaziba masikio, na katikati ya mluzi akasema: "Atakayempiga tena namtaja humu, jina lake na la mama yake." Wakaacha. Munira akaja kwa kutambaa, mkono mmoja unaning'inia, akasema, "Mlazeni ubavu, atapaliwa na damu." Hakuna aliyesogea. Akamlaza mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mtu aliyemvunja wa kulia.

Wanasema nilijitupa mbele ya kisu. Nilikuwa nyuma ya kochi. Munira alikuwa sakafuni, na mkono wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Badru akaukanyaga. "Ulikuwa unafuata nini humu?" Akasema, "Mgonjwa." Akaukanyaga tena. "Mgonjwa wa nini?" Munira hakunitaja. Alinigeuzia uso tu, jicho moja limefumba, jingine wazi, akanitazama. Nilijua anachoomba. Nikatazama dirishani. Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye nondo, wakiita "Fumanizi! Mchane!", na nikawaza kwamba Jumamosi baadhi yao watakuwa ukumbini. Akaukanyaga mara ya tatu. Sauti ile sitaiandika.

Ndipo Badru akaruka kochi, akanishika kidevu, akakiinua kama anavyokiinua cha mbuzi, akanichana kutoka sikioni hadi karibu na mdomo. Hapo nikapata sauti. Nilipiga kelele: "Nimevutwa ngozi! Ni daktari! Nilitaka niwe kijana! Twalib, njoo ushike nyuma ya sikio, njoo ushike!" Twalib akapita mlangoni, akashika nyuma ya sikio langu la kulia, vidole vikatoka na povu. "Ndevu," akasema. "Wallahi ni ndevu. Kavutwa." Badru akatazama mkono wa Twalib, akamtazama mkewe, kisu kikaanguka. Hivyo ndivyo heshima ya Munira ilivyosafishwa. Kisu kilipokuwa juu yake nilikuwa na siri. Kilipofika kwangu sikuwa nayo tena.

Humu ndani, tarehe ishirini na tatu Machi, niliandika kwamba mimi na Munira tulikubaliana tusubiri Pasaka. Hatukukubaliana. Aliniambia, "Mzee wangu, nipe ruhusa nimwambie ukweli, neno moja tu, ataacha." Nikamwambia, "Vumilia, mwanangu, harusi ipite." Akasema, "Sawa, mzee wangu," akamaliza kunibonyeza shavu la pili.

Na wanasema nilimkaribisha ndani. Demetria ndiye aliyemfungulia, akiwa ndiyo kwanza anaingia mlango wa mbele, mwavuli mkononi, maana Kariakoo ilikuwa imejaa maji wakafunga maduka mapema. Aliponiona natoka bafuni na povu masikioni hakuniuliza kitu. Hajaniuliza mpaka leo. Nadhani anasubiri niandike.

Nilikuwa bafuni, mbele ya kioo. Mvua ilikuwa inapiga, lakini mlango wa uani uko karibu na bafu, na niliusikia unagongwa tangu mwanzo. Nikasikia, "Mzee, nifungulie." Nikasikia, "Mzee wangu, anakuja, nifungulie." Nilijua sauti ni ya nani na anayekuja ni nani. Nilikuwa na wembe nyuma ya sikio la kushoto. Uso ulikuwa mzuri kwelikweli siku ile, uvimbe umeisha wote. Akaendelea kugonga, kwa kiganja sasa. Nikamaliza sikio la kushoto, nikausuuza wembe, nikaanza la kulia.